Nani Aliugua wa Kwanza

Ifrah,

Salamu sikuandikii. Tulipeana asubuhi, wewe ukizitoa kwa mdomo uliobana na mimi nikizipokea huku naangalia redio, na hizo zinatosha. Umekwenda kuwaaga shangazi zako. Hutarudi kabla ya magharibi kwa sababu kila mmoja atataka ule kwake kwanza, kwa hiyo nina saa mbili nzuri za kukukasirikia bila kukatizwa.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali nakisema tu, kukiandika hakuna aliyenifundisha. Kiswahili nilitiwa kwa kiboko mpaka darasa la tano, na mwalimu mmoja aliyetuchukia sisi na joto la Garissa kwa kiasi kimoja. Lakini ni afadhali hivyo. Kwa Kisomali ningekutukana vizuri zaidi, ila ningelia pia, na sitaki.

Mambo ya chakula, ya kuswali kwa wakati, ya kutowaamini wanaume wanaocheka sana, hayo shangazi zako wanakwambia sasa hivi, wote kwa mpigo. Sina la kuongeza. Mimi nina ugomvi nawe, na nimeuleta kwenye karatasi kwa sababu kwa mdomo umekuwa ukinishinda tangu una miaka tisa.

Ugomvi ni wa Jumanne. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka na vikombe vitano mbele yako, ukinifundisha kazi yako mpya kama unafundisha mtoto wa chekechea. Ukasema kule maabara ya pwani mnachukua damu ya mtu aliyewahi kuugua corona, mnaiacha itulie mpaka maji yake ya juu yajitenge, na kwenye maji hayo ndimo wanamokaa askari wake, hizo kingamwili zenu. Kisha mnayapunguza ukali kwa maji mengine, kikombe hadi kikombe, kila kimoja chepesi kuliko cha kabla yake, na kila kimoja mnakitilia virusi. Mnaangalia ni kikombe gani askari wamekuwa wachache mpaka virusi vinapita. Damu kali inavizuia hata ikiwa imejaa maji. Damu dhaifu inashindwa mapema. Nikakwambia wanawake wa maziwa wa soko letu wanafanya kazi hiyo kila asubuhi na hakuna aliyewapa digrii. Ukacheka. Nakumbuka kwa sababu hujacheka tena tangu hapo.

Halafu ukanieleza kwamba virusi vinajigeuza. Askari waliofundishwa na vile vya mwanzo wanaijua sura ya mwanzo tu, na virusi vipya vinapita mbele yao vikiwa na sura nyingine. Nikasema ni kama mwizi wa ngamia anayeongeza mstari mmoja kwenye chapa ya mwenyewe, chapa inakuwa ya ukoo mwingine. Ukapiga paja ukasema hivyo hivyo, Aabo, wewe ulipaswa kuwa profesa. Na mimi, baba yako, mzee mzima mwenye hina kwenye ndevu, nikavimba kichwa.

Ndipo ukasema utakayoanza nayo ni masanduku ya Garissa, zile damu za miaka ya corona zilizokaa kwenye barafu kule, na fomu zake.

"Nyumba yetu imo," ulisema. "Vichupa vyako, vya hooyo, na vyangu. Nataka nione nilichokileta."

Nikainuka nikasema naenda msikitini. Haikuwa saa ya swala yoyote na wewe ulijua. Tangu siku hiyo tunaongea kama wapangaji wawili wanaogombea bafu. Unadhani nimekukasirikia kwa sababu ulimtaja hooyo, ukanikumbusha kifo cha mama yako. Umekosea tena, msomi. Umekosea kwa miaka yote hii, na mimi nimekuwa nikikuangalia unakosea, nikinywa chai.

Hukuleta kitu. Niliyeleta ni mimi.

Sasa kaa chini, kama umesimama. Nitaanza mbali kidogo, vumilia, mimi ni dalali, siwezi kutaja bei kabla ya kumzungusha ngamia.

Unajua tunavyouziana pale sokoni. Muuzaji na mnunuzi wanafunika mikono kwa shuka, dalali anaingiza wake, na bei inasemwa kwa kubana vidole ili wale wanaozunguka wasijue. Ugonjwa ulipoingia mara ya kwanza, askari walikuja na spika wakasema hakuna kushikana mikono. Tukaacha kushikana mikono. Chini ya shuka tukaendelea, kwa sababu hakuna aliyeona kuwa kule ni kushikana mikono. Kule ni kuongea. Vichwa vimegusana, tunapumuliana usoni, tumevaa barakoa kidevuni kama mbuzi, na tunajiona watu wanaofuata sheria. Niliugua mwezi huohuo. Siku nne za homa, siku kumi bila kunusa wala kuonja. Mama yako alipata mafua ya siku mbili tu. Sista Mwende wa zahanati akaja kutuchukua damu kwa ajili ya ule utafiti, akatuambia kila baada ya miezi kadhaa atarudi kuchukua tena.

Nilipona, na hapo ndipo balaa ilipoanza, kwa sababu nilipona nikiwa na maarifa.

Wewe umelelewa mjini, labda hujui. Ngamia akiugua furuq, ile ndui yao, akapona, haugui tena maisha yake yote. Makovu yanabaki mdomoni na puani. Kazi yangu miaka arobaini imekuwa kumfungua ngamia mdomo, kuyapapasa makovu hayo na kumwambia mnunuzi huyu ameshalipa, mchukue uende naye popote. Sijawahi kudanganya katika hilo na sijawahi kurudishiwa ngamia. Basi nikajipapasa na mimi. Nikatangaza soko zima kwamba mimi ni ngamia mwenye makovu. Watu walicheka, na nilipoona wanacheka nikaendelea. Nikawa natembelea wagonjwa wa watu, nakaa nao, nakula nao, najiona shujaa. Wazee wenzangu wakawa wananituma kama mjumbe kwenye nyumba ambazo wao waliogopa kuingia. Hakuna kitu kibaya kwa mzee kama kuwa na manufaa ghafla.

Mwaka wa pili chanjo ikafika. Sista Mwende alikuja na sanduku lake la barafu mpaka mtaani kwetu, akakaa chini ya turubai karibu na msikiti. Mama yako alikuwa ameshavaa jilbab yake, yuko mlangoni, anavaa viatu. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema kuchanjwa, na kwamba mimi pia ningekwenda kama nina akili. Nikamwambia yeye ameshapona, tumeshapona wote wawili, tuna makovu, chanjo wawape wale ambao hawajapita.

"Mimi si ngamia wako," mama yako Dahabo akasema.

Nikamwambia kweli, ngamia wangu hanijibu. Nikamshika kidevu nikafanya kama namfungua mdomo kuangalia meno, nikapaza sauti kama niko sokoni, nikataja umri wake na maziwa anayotoa, na kwamba ana hasira kidogo asubuhi. Akajaribu kukasirika akashindwa. Akacheka mpaka akaegemea mlango, na alipokuwa anacheka akavua viatu.

Nimejiuliza mara nyingi, kama ningekuwa mume mkali wa kukataza, angenipuuza akaenda. Alikuwa amewapuuza wanaume wakali maisha yake yote, kuanzia baba yake. Mimi nilijua kumchekesha. Kwa hiyo usimsikilize mtu akikwambia baba yako ana ulimi mtamu kama vile ni sifa. Ulimi huu ulimvua mama yako viatu.

Baada ya hapo rafiki yangu Gedi akafariki kule Tarbaj. Unamkumbuka, dalali mwenzangu, yule aliyekuwa akikuletea ubani wa kutafuna na kukuambia ni meno ya simba. Walisema ni kifua. Vijana wake wakapiga simu kwamba watu wachache waje, nikasema mimi si mmoja wa watu, mimi nina makovu. Nikaenda. Nilikaa kwenye matanga siku tatu, nikalala kwenye mkeka mmoja na ndugu zake, tukala sinia moja, na wawili kati yao walikuwa wanakohoa kama mashine ya kusaga. Niliwacheka. Niliwaambia wanakohoa kwa mbwembwe ili wapewe nyama laini.

Nikarudi nyumbani Jumapili. Jumatano, sikiliza siku hizi vizuri kwa sababu ndizo ulizopaswa kuziuliza, Jumatano jioni mama yako akachoma uunsi kama kawaida yake, akazungusha chetezo nyumba nzima, akakiweka karibu na magoti yangu. Nikamwambia uunsi huu hauna harufu, umeuziwa vumbi la mbao. Akanusa, akasema unanukia. Nikasema haunukii. Alikasirika. Siku ya pili yake akaenda mpaka kwa yule mwanamke anayemuuzia, akagombana naye mbele ya watu, akarudishiwa kifuko kingine. Akakichoma hicho cha pili, akaniangalia. Hapo nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimeshavuta kitunguu puani jikoni peke yangu, nikavuta na mafuta ya taa, hakuna kitu. Nikamwambia huu sasa ndio uunsi. Akafurahi kwamba alikuwa ameshinda.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Usijibu. Najua ungesema. Wewe ungesema palepale, ungejifungia chumbani na ungetuambia tuweke chakula mlangoni. Mimi nilifikiria soko. Nilifikiria wale wazee wote niliowaambia kuhusu makovu yangu, na jinsi watakavyonicheka wao kwa zamu. Nikasema ni vumbi, ni safari, ni huzuni ya Gedi. Nikalala kitanda kimoja na mama yako Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Ijumaa wewe ukafika kutoka Nairobi kwa sababu chuo kilifungwa. Ulinionyesha cheti. Chuo kiliwapima wote kabla ya kuwaruhusu kupanda basi, na cheti kilisema huna. Mimi nilikishika kwa mkono wangu huu, nikakisoma, nikakurudishia. Ukaanza kukohoa Jumanne iliyofuata. Mama yako Jumatano.

Siku aliyolazwa ndiyo Sista Mwende alipokaa na fomu kwenye benchi la hospitali. Swali la tatu au la nne, akauliza nani aliugua wa kwanza nyumbani. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na chupa ya chai. Sikujua. Naapa sikujua mpaka nimeshasema.

Nilisema, "Binti alitoka Nairobi Ijumaa."

Angalia ujanja wa dalali. Sikusema uongo hata neno moja. Ulitoka Nairobi, na ilikuwa Ijumaa. Sista akaandika anachotaka kuandika, akachora mshale kutoka kwako kwenda kwa mama yako. Nilipogeuka nikakuona. Ulimimina chai, ukampa yeye kikombe na mimi kikombe, ukaenda kuosha kifuniko ambacho hakikuwa kichafu.

Nilikuwa na muda wa kukufuata. Hatua kumi na mbili. Niliendelea kunywa chai, na baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu zaidi kuliko iliyopita. Mama yako akaondoka siku ya tisa, na baada ya hapo ningesema nini na nianzie wapi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni nyepesi kuliko hiyo na inanuka zaidi: ulikuwa umeshaubeba mzigo huo. Ulikuwa kijana, una mgongo mzuri, na mimi nilijisikia mwepesi.

Halafu ukabadilisha masomo. Ulikuwa unasomea biashara, ukaenda kwenye maabara. Watu wakaja hapa kunipongeza kwamba kifo cha mama kimemfanya binti kuwa mtu wa kuokoa watu, maa shaa Allah, angalia Mungu anavyopanga. Niliwapa soda. Kila mmoja wao nilitaka kumpiga na chupa yake. Nilijua unachotafuta kule. Mtu anayesoma kwa kiu namna ile, likizo zote, anayekataa kuolewa na vijana wawili wazuri na mmoja wa wastani, huyo anatumikia kifungo chake.

Sasa nikukasirikie na wewe, maana haki ni haki. Wewe ni mwanasayansi gani? Ulikuwa na cheti mfukoni. Ulijua siku uliyofika na siku uliyokohoa. Ulijua baba yako ametoka kwenye matanga ya mtu aliyekufa kwa kifua, nilikusimulia mwenyewe kule kukohoa kwao, nikiigiza, ukacheka. Ulisikia hadithi ya uunsi, mama yako alikusimulia Ijumaa hiyohiyo kwa fahari. Vyote vilikuwa mezani. Mzungu yeyote mlevi angeunganisha. Wewe ulisikia neno moja la baba yako ukafunga faili. Kwa virusi unataka ushahidi, vikombe vitano, unarudia mara tatu, lakini kwako wewe mwenyewe ulihukumu bila hata kikombe kimoja. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu najua ulilitoa wapi. Hukulitoa kwa mama yako.

Nilipokuwa kijana, kabla sijawa na jina, nilisimamia mauzo ya ngamia jike kule Hadado. Chapa yake ilikuwa safi, ya muuzaji, nimeikagua. Akatokea mama mmoja mzee, mkavu kama fimbo, akasema huyo ni wangu. Nikamwonyesha chapa. Akasema sijui chapa, lakini huyo ni wangu. Wanaume tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Mama akaenda mbali kidogo, akatupa mgongo, akaita kwa sauti ya chini, kama anayekohoa. Yule ngamia akakata kamba, akamkimbilia. Kumbe chapa ilikuwa imeongezwa mistari miwili. Nilivunja mauzo, nikaomba radhi, na nikajiambia sitaamini tena alama peke yake. Halafu nikazeeka nikaamini makovu yangu. Mtu anajifunza kitu kimoja mara moja, kinakuja na sura nyingine, anakipokea kama mgeni. Uliniambia Jumanne hii ya vikombe kwamba mwilini kuna askari wengine wasiojali sana sura, wanaotambua kwa njia nyingine, na kwamba watu wengi walipona kwa sababu yao. Sawa. Lakini mama yako hawakumtosha, na siku alipotaka kwenda kuwaongezea wengine kwa chanjo, mimi nilimvua viatu.

Kuna jambo moja la kazi nitakuambia, ulitumie au ulitupe. Mtakapotuma watu kwenye nyumba zetu tena, na mtatuma, maana wewe mwenyewe unasema hiki kitu hakijaacha kujigeuza, msimuulize mzee wa nyumba nani aliugua wa kwanza. Mzee ana jina la kulinda. Muulizeni aliyepika. Anajua sinia gani ilirudi imejaa na siku gani. Mama yako alijua kwamba tangu Jumatano nilikuwa natia chumvi kama ng'ombe anayelamba jiwe. Alinitania. Hakuna aliyemwuliza yeye, na alipokuwa kwenye mtungi wa oksijeni hakuweza tena kusema sentensi nzima. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa chako siku ya mwisho. Wewe ulidhani anakusamehe. Alikuwa hana cha kukusamehe, alikuwa anakushika tu.

Kama alijua kuhusu mimi, sijui. Aliniangalia mara moja kwa muda mrefu. Nilimtania. Hata pale.

Leo asubuhi nilikwenda zahanati. Sista Mwende amezeeka, naye ananiambia hivyohivyo kila mara. Alidhani nimekuja kwa presha. Nikamwambia nataka ile fomu ya mwaka ule. Akasema fomu ilienda pwani zamani. Nikamwambia basi aandike nyingine, na atie sahihi, na mimi nitatia yangu na kidole gumba juu yake kwa sababu sahihi yangu hainiaminishi hata mimi. Akachukua karatasi. Nikataja siku zote kama nilivyokutajia wewe hapa: Tarbaj, Jumapili, Jumatano, uunsi, kitunguu. Yeye ni Mkamba, hakujua uunsi unahusu nini, ikabidi nimweleze. Alipofika kwenye mshale aliacha kuandika.

"Mzee," akasema, "huyu binti anajua?"

Nikamwambia atajua leo.

Hakunipa pole. Alinifunga mkono kwa ule mpira, akanichoma, akajaza vichupa viwili, kwa nguvu kuliko kawaida, na nilistahili. Karatasi imepigwa picha imetumwa kwa wakubwa wa utafiti wako, na vichupa vitafuata na gari la barafu wiki ijayo. Kwa hiyo hata ukiichoma barua hii, jambo liko kwenye masanduku yenu. Nilifanya hivyo makusudi, kabla ya kukuandikia, kwa sababu najijua. Ningeweza kuandika hii yote na bado nikaikunja nikaiweka chini ya godoro.

Ukifika kule, tafuta damu yangu ile ya kwanza, ya baada ya kupona. Itie kwenye vikombe vyako pamoja na virusi vya mwaka wa pili. Angalia inavyoshindwa. Nataka mtu aandike kwa tarakimu jinsi makovu yangu yalivyokuwa ya bure, na nataka mwandishi awe wewe. Usipunguze kwa sababu ya heshima. Kisha usiendelee kuniangalia mimi, kuna watu wengine kwenye masanduku hayo, na kuna mabinti wengine waliotoka Nairobi Ijumaa.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe upesi nitajua umefanya kwa tabia ileile ya kubeba. Chukua muda. Nikasirikie vizuri. Wapigie shangazi zako simu uwaambie, hao watakusaidia kunikasirikia, wamekuwa wakisubiri sababu tangu niliposwali nyumbani kwao na viatu. Ukitaka kukaa miaka miwili bila kunipigia, kaa. Nitamuuliza Sista habari zako na atafurahi kuninyima.

Barua hii siifichi kwenye sanduku lako uikute pwani, wakati mimi niko mbali na salama. Hiyo ingekuwa kazi ya dalali. Naiweka juu ya sanduku, na jina lako kwa herufi kubwa. Uisome usiku wa leo ama alfajiri, shauri lako, lakini kabla ya kutoka.

Mimi nitakuwa nje, kando ya mlango, kuanzia swala ya alfajiri. Ukitoka ukaniambia "Aabo, kwaheri" kwa sauti yako ya kila siku, nitajua hujaisoma. Nitakushika mkono nikurudishe ndani, na basi liondoke.

Baba yako